Maswali ya Wasomaji: Jino Lililozibwa Hudumu Miaka Mingapi?

Barua nyingi za meno tulizopokea safari hii zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: nimeziba jino, dawa imetoka, nani wa kulaumiwa? Tumechagua nane. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali nayo hayalingani uzito.

Shikamoo daktari. Mwaka juzi niliziba gego la chini kwa dawa nyeupe. Wiki iliyopita nilikuwa natafuna muhogo wa kuchoma, upande mmoja wa dawa ukatoka. Jirani yangu ana dawa ya rangi ya fedha aliyowekewa kabla hajazaa mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana mke. Je, nilidhulumiwa? Dawa ya jino inatakiwa kukaa miaka mingapi?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Marahaba, mama. Watu wengi huambiwa "miaka kumi" kana kwamba ni ahadi, kwa hiyo tuanze na hesabu. Rekodi kubwa kabisa za kazi ya kila siku, yaani kazi ya madaktari wa kawaida wenye foleni mlangoni, zinatoka Uingereza na Wales. Huko huduma ya taifa ya afya, NHS, ilikuwa ikimlipa daktari kwa kila jino aliloziba, hivyo kila jino liliandikwa. Rekodi za mwaka 1991 hadi 2001, za meno zaidi ya 500,000 yaliyozibwa, zilifuatiliwa kujua ni muda gani ulipita kabla jino halijaguswa tena kwa sababu yoyote: kuzibwa upya, kuvikwa kofia (ganda gumu linalofunika jino lote), kutibiwa mzizi au kung'olewa.

Baada ya miaka kumi, dawa za rangi ya fedha (amalgamu) zilizoziba upande mmoja tu wa jino zilikuwa bado hazijaguswa kwa asilimia 58. Zile zilizoziba pande tatu zilibaki asilimia 43. Dawa nyeupe ya kompoziti nayo ilibaki asilimia 43, na dawa ya glasi ayonoma, ile inayonata na jino yenyewe, asilimia 38. Kwa hiyo hata katika nchi yenye fedha na vifaa, karibu nusu ya kazi ya kawaida hurudiwa kabla ya mwaka wa kumi na moja. Dawa yako iliyotoka baada ya miaka miwili imewahi mno, lakini haiko peke yake.

Sasa angalia tofauti ya 58 na 43 kati ya dawa za fedha za upande mmoja na za pande tatu, maana humo ndimo lilimo jibu lako. Lifikirie gego kama kibanda chenye paa na kuta nne. Kuta mbili zinagusana na meno jirani, moja inatazama shavu, nyingine inatazama ulimi. Tundu la paa peke yake ni kama bakuli: dawa inashikwa pande zote, na daktari anaona kila anachofanya. Tundu lililobomoa paa pamoja na ukuta unaogusana na jirani ni kazi nyingine kabisa. Uchambuzi wa tafiti 12 za kompoziti kwenye magego, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kila ukuta unaoongezeka huongeza hatari ya dawa kuharibika kwa asilimia 30 hadi 40. Tafiti hizo zilifanywa kwa uangalifu mkubwa, na ndani yake kompoziti ziliharibika kwa wastani wa asilimia 1.8 kwa mwaka zikihesabiwa kwa miaka mitano, na 2.4 kwa mwaka zikihesabiwa kwa miaka kumi. Ina maana katika kila 100, kama 78 zilifika mwaka wa kumi. Dawa nyeupe inaweza kudumu, basi, lakini ina masharti.

Masharti yenyewe ni haya. Daktari akishaondoa uozo hupaka tindikali ya fosforasi ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hivi, akaiosha, akapaka gundi tunayoiita bondi, akaimulika kwa taa ya bluu. Kisha anaweka dawa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila tabaka akilimulika kwa sekunde 20 au zaidi kulingana na taa. Tabaka likiwa nene, juu linakuwa gumu kama jiwe na chini linabaki laini, na mgonjwa hajui kitu hadi baada ya miezi. Aidha dawa hii husinyaa kidogo inapoganda, asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ikiwekwa bonge moja hujivuta na kujibandua kwenye ukuta wa jino.

Mahali panapoteseka zaidi ni chini kabisa ya ule ukuta unaogusana na jirani, karibu na ufizi. Hapo ndipo mbali zaidi na taa. Hapo enameli, ganda gumu la nje la jino, ni nyembamba au haipo, na gundi hushika dentini, sehemu iliyo chini ya ganda hilo, kwa udhaifu kuliko inavyoshika enameli. Na hapo ndipo mate na damu ya ufizi hupenya kwanza. Tone moja la mate likigusa jino lililokwisha kupakwa tindikali, gundi hainati sawasawa. Inabidi kuosha, kukausha na kurudia hatua ile. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hutandaza kitambaa cha mpira kinachoacha jino peke yake nje. Asipokuwa nacho, hujaza pamba, huweka bomba la kunyonya mate, na hubadilisha pamba kila inapolowa. Hufunga pia utepe mwembamba wa chuma kuzunguka jino na kuukaza kwa kabari ndogo ya mbao, ili dawa isivuje kuelekea kwenye ufizi na meno mawili yagusane vizuri. Kabari ikikosekana, nyama itanasa hapo kila mlo.

Amalgamu ya jirani yako inavumilia zaidi. Haiharibiki sana kwa unyevu kidogo, na kadiri miaka inavyopita, kutu yake nyembamba huziba mwanya uliopo kati yake na jino. Ubaya wake ni kwamba hainati, inajishikilia tu kwa umbo la tundu, kwa hiyo daktari hulazimika kukata jino zima zaidi ili ipate pa kung'ang'ania.

Kama kipande kilichotoka bado unacho, nenda nacho. Kikiwa kimetoka kizima na upande wake wa ndani ni safi, gundi haikushika, na mara nyingi chanzo ni unyevu. Chini yake pakiwa na kahawia laini, uozo umerudi. Kikiwa kimetoka na kigae cha jino, jino lenyewe ndilo lililopasuka, na pengine sasa linahitaji kofia. Hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina tiba yake. Kuziba tena vile vile bila kujua ni lipi kati ya hayo ni kutafuta kutokewa tena.

Habari za kazi daktari. Wataalamu wa meno walikuja shuleni kwetu, wakawaziba watoto wa darasa la tatu na la nne. Walikwangua kwa vijiko vidogo, bila mashine, wengi bila hata sindano ya ganzi. Mzazi mmoja analalamika kuwa watoto wamezibwa kienyeji. Nimjibu nini?
*Mwalimu wa afya, Kondoa*

Mwalimu, mjibu kwamba njia hiyo inajulikana duniani kwa herufi ART (kifupi cha Kiingereza cha Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba jino bila kulijeruhi), na ilizaliwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kupitia kazi ya shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo Jo Frencken wa Uholanzi alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Shirika la Afya Duniani liliitangaza rasmi tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ya mwaka ule. Leo hutumiwa hata katika nchi zenye umeme wa uhakika, hasa kwa watoto na wanaoogopa mashine.

Siri yake ni kwamba uozo wa nje, ule ulio laini na wenye majimaji, unakwanguka kwa kijiko kikali na mtoto hasikii maumivu makubwa kwa kuwa sehemu hiyo imekwisha kufa. Daktari hufungua mdomo wa tundu kwa kipatasi kidogo, hukwangua kwanza kingo zote kuzunguka mpaka ziwe ngumu, kisha sakafu. Sakafu ya tundu refu haikwanguliwi mpaka mwisho, maana kiini cha jino, sehemu hai yenye mishipa, kiko karibu. Tabaka jembamba lililoanza kulainika linaweza kuachwa, mradi kingo ziwe safi na dawa izibe kabisa. Bakteria waliofungiwa humo bila sukari hawana nguvu.

Dawa ni glasi ayonoma, ambayo tangu mwaka 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inanata na jino yenyewe na huachia floraidi. Lakini ina tabia zake, na hapa ndipo kazi ya shuleni huharibikia. Ile ya unga na maji, mara nyingi huwa kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa tone moja, na kila kampuni hutoa kijiko chake. Kijiko cha kampuni moja hakitumiki kwa unga wa nyingine. Chupa ya maji hushikwa wima, la sivyo tone hutoka na hewa ndani na kipimo kinapungua. Kuchanganya ni sekunde 20 hadi 30 tu, na ndani ya chumba chenye joto kama madarasa ya bati, dawa huganda haraka zaidi.

Kuna alama moja ambayo mtu yeyote aliyesimama pembeni anaweza kuiona. Mchanganyiko unapoingia tundoni lazima uwe bado unang'aa kama uji mzito wenye mafuta. Mng'ao huo ni tindikali ambayo haijamalizika, nayo ndiyo inayonata na jino. Ukishapoteza mng'ao, ukawa kama chaki, umekwisha. Ukiwekwa hivyo utakaa wiki chache na kutoka mzima. Baada ya kujaza, daktari hupaka kidole mafuta ya mgando, hukandamiza dawa mpaka iingie hata kwenye vifereji vya jino, huondoa ziada, hupaka tena mafuta juu yake ili isilowe wala kukauka mapema. Mtoto hali kitu kwa saa moja angalau. Saa hiyo moja ndiyo watoto huipuuza kuliko yote, kwa hiyo mwalimu, ratiba ya uji uisogeze.

Matokeo? Kwa meno ya kudumu ya nyuma yaliyotoboka paa peke yake, tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kama asilimia 80 bado ziko imara baada ya miaka mitano. Kwa meno ya utoto yenye tundu la upande mmoja, asilimia 93 baada ya miaka miwili. Ila kwa meno ya utoto yaliyobomoka kuta zaidi ya moja, ni asilimia 62 tu baada ya miaka miwili. Kama dawa za darasa lako zimeanza kutoka, hesabu kwanza zilizotoka ni za paa au za ukuta, kabla ya kulaumu njia.

Niliwekewa dawa ya muda yenye harufu kali ya karafuu, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Haiumi tena. Sasa ni mwezi wa saba. Lazima nirudi?
*Msomaji, Chake Chake*

Lazima, ndugu yetu, na mapema. Harufu hiyo ni yujenoli, mafuta yanayopatikana kwenye karafuu zile zile mnazoanika Pemba. Yakichanganywa na oksaidi ya zinki hutoa dawa laini inayotuliza kiini cha jino. Imetengenezwa iwe rahisi kutoka. Inalika, inavuja, na kutouma kwake si dalili ya kupona: huenda kiini kimekufa, na jino lililokufa hukaa kimya mpaka usaha utafute njia. Mweleze daktari kwamba dawa iliyomo ni ya karafuu, kwa sababu yujenoli huzuia kompoziti kuganda na kunata vizuri. Itabidi aisafishe kabisa, au achague dawa nyingine ya kukaa juu yake.

Salaam aleikum daktari. Nina magego manne yaliyozibwa kwa dawa ya fedha tangu nikiwa shule ya upili. Hayaniumi. Nimehamia daktari mpya, naye ameniambia yote manne yabadilishwe kuwa meupe kwa sababu ya zebaki na kwa sababu "yamezeeka". Gharama ni kubwa. Nifanyeje?
*Baba Aisha, Mombasa*

Waaleikum salaam, Baba Aisha. Tunakusihi usikubali yote manne kwa mkupuo.

Umri wa dawa si ugonjwa. Katika zile rekodi za Uingereza na Wales ilionekana kwamba mgonjwa akibadilisha daktari, dawa zake hudumu muda mfupi zaidi. Jino halikujua kwamba daktari amebadilika. Kilichobadilika ni macho yanayolitazama. Daktari aliyeiweka dawa anakumbuka mwanya ule mdogo ulikuwepo tangu mwanzo, na mgeni anauona kama uharibifu.

Na kila jino linapozibwa upya, tundu hupanuka. Haiwezekani kuondoa dawa ya zamani bila kukwangua kidogo jino zima. Tundu la paa linakuwa la paa na ukuta, kisha kuta mbili, kisha pembe ya jino inavunjika, inakuja kofia, baadaye mzizi, mwisho koleo. Ngazi hiyo ina madaraja machache, na kila kubadilisha bila sababu ni kushuka daraja moja.

Kuhusu zebaki: ni kweli karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ikishaganda huachia mvuke mdogo sana. Unapoikata kwa mashine ili kuiondoa, mvuke huongezeka kwa muda ule kuliko ukiiacha imetulia. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unapunguza matumizi yake hasa kwa ajili ya mazingira, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale daktari anapoona hapana budi. Umoja wa Ulaya umeizuia tangu tarehe 1 Januari 2025, ukiacha mlango kwa mgonjwa mwenye haja maalumu ya kitabibu. Hayo yote yanahusu dawa mpya zinazowekwa. Hayakuagizi kung'oa iliyo salama mdomoni.

Mwombe daktari akuonyeshe, kwa kioo na kwa picha ya eksirei, sababu ya kila jino moja moja. Sababu za kweli ni uozo mpya unaoonekana pembeni au chini ya dawa, ufa ndani ya jino, kipande kilichovunjika, chakula kinachonasa kila siku, au jino linalouma. Mstari mweusi kuzunguka dawa ya fedha peke yake hautoshi, mara nyingi ni rangi ya metali iliyoingia jinoni. Kingo iliyochakaa kidogo inaweza kusuguliwa ikang'aa. Na kama kona moja imeharibika, ikatwe kona hiyo tu na kuzibwa, iliyobaki iachwe. Kukarabati si kazi ya kulipua, ni kulihurumia jino.

Niliziba gego wiki mbili zilizopita. Nikinywa maji baridi naruka, na nikiuma kitu kigumu nasikia kama sindano. Nivumilie au nirudi?
*Dada Wanjiru, Nairobi*

Baridi inayoshtua kwa sekunde chache kisha ikatoweka ni kawaida baada ya tundu refu, na hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Maumivu ya kuuma ni habari nyingine, rudi sasa. Mara nyingi dawa imezidi urefu kidogo, hata unene wa karatasi, na jino hilo hupokea pigo kabla ya mengine. Ukiwa bado na ganzi huwezi kulitambua. Daktari atakupa karatasi ya rangi uiume, doa jeusi la rangi litamwonyesha pa kusugua, na kazi ni ya dakika tano. Iume ukiwa umekaa wima, kama unavyokula, si ukiwa umelala kwenye kiti.

Kama urefu ni sawa na bado unachomwa hasa unapoachia kuuma, mwambie hivyo hivyo, "unapoachia", kwa sababu hiyo ni dalili ya ufa. Na maumivu yanayokuja yenyewe usiku, yanayodumu dakika nyingi baada ya kitu cha moto, yanaelekeza kwenye kiini. Kwa hayo mawili usisubiri wiki nne.

Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Nimebandikiwa dawa nyeupe mara tatu, kila mara inabanduka kabla ya mwaka. Kuna dawa yenye nguvu zaidi?
*Msomaji, Usa River, Arusha*

Tatizo si nguvu ya dawa. Maji ya sehemu nyingi za Meru, Arusha na Bonde la Ufa, mpaka Nakuru na Naivasha kwa upande wa Kenya, yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo, na magadi ya kupikia huongeza. Mtoto akinywa maji hayo meno yanapojengwa chini ya ufizi, enameli hutoka na ngozi ya juu isiyoyeyuka kirahisi kwa tindikali, na chini yake ni vinyweleo kama jiwe la kusugulia miguu. Tindikali ya sekunde 15 hailiparuzi jino kama hilo. Gundi inabandikwa juu ya kioo.

Mwulize daktari kama ataondoa kwanza tabaka jembamba la juu kwa mashine, kisha apake tindikali kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama sekunde 60 au apake mara mbili, mpaka enameli iliyokaushwa ionekane nyeupe kama chokaa. Ikiwa haijawa nyeupe hivyo, dawa isiwekwe. Kingo za dawa zisiishie kwenye sehemu inayomeguka. Kama enameli inameguka yenyewe karibu jino zima, fedha za kubandika mara ya nne ni afadhali zianze safari ya kofia. Na wadogo walio nyumbani, walio chini ya miaka minane, wapate maji ya kunywa ya mvua au ya chanzo kilichopimwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi.

Nilitibiwa mzizi wa gego, likazibwa vizuri. Baada ya mwaka na nusu likapasuka katikati nikila wali, wala si mfupa. Kwa nini?
*Msomaji, Kisumu*

Jino lililotibiwa mzizi limekatwa paa ili kufikia mifereji, na mara nyingi lilikuwa limekwisha kupoteza ukuta mmoja au miwili kwa uozo. Kuta zilizobaki husimama peke yake bila mhimili, na kila unapotafuna hutanuka kidogo nje. Wali ulikuwa pigo la mwisho la mapigo mengi. Gego la namna hiyo lilitakiwa kufunikwa pembe zake zote, kwa kofia, au pale kofia inaposhindikana kwa bei, kwa dawa imara inayopanda juu ya pembe zenyewe kwa unene wa milimita 2 hadi 3. Kama ufa umeshuka chini ya mfupa, jino halitengenezeki. Ukiishia karibu na ufizi, bado lipo tumaini, wahi.

Mimi ni dereva wa masafa. Katika miaka mitatu nimezibwa meno matano, na yote yanaoza upya pembeni mwa dawa. Nataka ile dawa ngumu kuliko zote, bei si tatizo.
*Dereva, Voi*

Kaka, tungekuwa nayo tungekutajia jina. Hakuna dawa isiyo na mwanya pembeni, hata wa unywele, na kinachoamua kama mwanya huo utaoza ni kinachopita mdomoni. Umetuandikia katika barua yako kwamba unatafuna miraa na jojo, ukishushia na soda, tangu jioni hadi alfajiri. Kila funda tamu huwapa bakteria nafasi ya kutoa tindikali kwa nusu saa hivi. Chupa moja ukiimaliza kwenye mlo, jino hushambuliwa mara moja. Chupa hiyo hiyo ukiinywa funda funda kwa saa sita, jino halipati hata dakika ya kupumzika, na miraa imekwisha kukukausha mate ambayo ndiyo yangelilinda. Ungebadilisha soda iwe maji na jojo iwe isiyo na sukari, ungefanya kubwa kuliko daktari yeyote. Chai nayo ihesabu: Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya nyongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku, kama vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya vijiko viwili viwili vimeshamaliza.

Nunua dawa ya meno iliyoandikwa floraidi kati ya 1,350 na 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Piga mswaki mara mbili kwa siku, mara moja iwe kabla ya kulala, hata kama kulala kwako ni saa mbili asubuhi kwenye kituo cha malori. Tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki. Mswaki wa mti unasafisha vizuri ukitumiwa kwa subira, ila hauna floraidi ya kutosha, basi umalizie kwa kupaka dawa ya meno kwa kidole.

Kisha weka uzi wa meno kwenye gari. Uzi husafisha, na pia hupima. Upitishe kati ya gego lililozibwa na jirani yake, uuvute polepole kutoka kwenye ufizi kwenda juu. Ukitoka laini, sawa. Ukichanika au kukwama mahali pale pale siku tatu mfululizo, kuna kingo iliyojitokeza au tundu linaloanza. Ukipita bila kukwaruza chochote, kama mlango ulio wazi, meno hayagusani na chakula kinaingia. Ukitoka na harufu mbaya upande mmoja tu, hapo ndipo pa kumwonyesha daktari kwanza. Kwa mdomo unaooza kwa kasi kama wako, mwone kila miezi mitatu au minne mpaka mwaka upite bila tundu jipya, na mwombe eksirei ya kuuma, ile inayopiga meno ya juu na ya chini pamoja, kwa sababu kioo peke yake hakifiki kule chini ya ukuta.